Jinsi ya Kujenga Safu Imara ya Ulinzi Bila Mabeki Nyota

Kocha wa timu ya kata hachagui mabeki sokoni. Anafanya kazi na vijana wanaofika uwanjani saa kumi jioni, mmoja akitokea gereji na mwingine akitokea shuleni, na mara nyingi kijana mwenye kipaji kuliko wenzake hataki kabisa kucheza nyuma, kwa kuwa anaamini mabao ndiyo yatakayomtoa. Nafasi za ulinzi huachiwa waliobaki. Nimefundisha timu za namna hiyo kwa miaka kadhaa, na ninaamini kwa dhati kwamba waliobaki wanatosha, mradi kocha atumie muda wake mwingi kufundisha umbali: umbali kati ya beki na beki, kati ya mabeki na viungo walio mbele yao, na kati ya safu nzima na kipa. Mbio na kimo mtu huzaliwa navyo, lakini kukaa kwa umbali unaofaa ni jambo ambalo kijana yeyote msikivu hulishika ndani ya wiki chache.

Ugiriki ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2004 chini ya kocha Mjerumani Otto Rehhagel ikiwa imeruhusu mabao 4 katika mechi 6, yote katika hatua ya makundi, kisha ikazifunga Ufaransa, Jamhuri ya Czech na wenyeji Ureno kwa bao 1–0 kila moja. Mabeki wake walikaba mtu kwa mtu, huku Traianos Dellas akibaki huru nyuma yao kuokoa kilichopita. Sipendekezi mfumo huo kwa timu ya vijana, kwa sababu beki anayepewa mtu mmoja wa kumfuata huburutwa hadi pembeni na kuacha mlango wazi katikati, na kumrekebisha kunahitaji wachezaji waliokomaa.

Mfano unaofaa zaidi kwa kazi yetu ni Leicester City ya msimu wa 2015/16, iliyotwaa ubingwa wa Uingereza ikiwa na Wes Morgan na Robert Huth katikati ya ulinzi, wanaume wenye nguvu lakini wasio na mbio. Katika mechi 19 za kwanza timu hiyo iliruhusu mabao 25, na katika 19 za mwisho iliruhusu 11 tu. Baada ya kufungwa 5–2 na Arsenal mwishoni mwa Septemba 2015, kocha Claudio Ranieri aliwaweka benchi mabeki wake wa pembeni, akawaingiza Danny Simpson na Christian Fuchs, ambao walibaki karibu zaidi na mabeki wa kati, huku N'Golo Kanté akifagia mbele yao. Morgan na Huth hawakuongezeka kasi hata kidogo; walipunguziwa eneo la kulinda.

Kuchagua watu wanne na kipa

Anza na sauti. Katika wiki ya kwanza ya mazoezi, gawa wachezaji katika timu ndogo za watu sita, waache wacheze, kisha simama nyuma ya goli na ufumbe macho kwa dakika tano. Kijana ambaye sauti yake unaisikia mara kwa mara, anayemwambia mwenzake jambo la kufanya kabla mpira haujafika, ndiye namba tano wako, yaani beki wa kati anayeiongoza safu, hata kama si mrefu na hata kama hapigi chenga. Lawama zinazotoka baada ya kosa usizihesabu, kwani huwa nyingi na hazimsaidii mtu. Unatafuta onyo linalotangulia hatari.

Namba nne, beki wa kati wa pili, awe yule anayependa kwenda kugombania mpira, mwenye moyo wa kupiga vichwa, kwa sababu mwenzake atabaki hatua chache nyuma yake akimfunika. Ukiwaweka pamoja wawili wanaopenda kutoka, siku moja watatoka wote. Ukiwaweka wawili wanaopenda kubaki, mshambuliaji atapokea mpira na kugeuka bila kubughudhiwa. Namba mbili na namba tatu, mabeki wa kulia na wa kushoto, wachaguliwe kwa pumzi na nidhamu, na kama unaye mtumiaji mguu wa kushoto mpe namba tatu bila kusita, kwa kuwa beki wa kulia anayechezeshwa kushoto hulazimika kuurudisha mpira ndani ili aupige kwa mguu wake mzuri, na hapo ndipo anaponyang'anywa. Namba sita, kiungo mkabaji, ni sehemu ya safu hii japokuwa hasimami ndani yake. Kazi yake ni kukaa mbele ya mwanya ulio kati ya namba nne na namba tano na kuukaba mpira wa pili, yaani ule unaodondoka baada ya kuokolewa au kugombaniwa mara ya kwanza. Kipa naye asimame mbele ya mstari wake wa goli kila timu inapopanda, awe tayari kuufagia mpira mrefu unaopita nyuma ya mabeki.

Mazoezi ya kamba

Nenda dukani ununue kamba ya manila, ile ya kuanikia nguo, uikate vipande vitatu vyenye urefu wa mita 8 kila kimoja. Mfunge namba mbili kiunoni na namba nne, namba nne na namba tano, namba tano na namba tatu, kwa fundo linalofunguka haraka mtu akianguka. Wapange mbele ya eneo la 18, yaani eneo la penalti, kisha weka wachezaji watano upande wa pili wakipasiana polepole kwa mkono kutoka pembeni hadi pembeni, bila kushambulia. Safu ihame kila mpira unapohama.

Siku ya kwanza utaona kamba zikilegea na kuburuza vumbini, kisha ghafla kukazika na kumvuta mtu, mara nyingi namba tatu, ambaye husahau kuingia ndani mpira unapokuwa kulia. Usimkaripie, maana kamba imeshamwambia. Baada ya dakika 15 watu wanne wataanza kutembea kama kitu kimoja, na mpira ukiwa kulia, namba mbili atakuwa ametoka kwenda kuukabili huku watatu waliobaki wamerudi nyuma kidogo na kusogea upande wake, kila mmoja akimfunika aliye mbele yake. Kamba ikiwa imenyooka bila kukaza, umbali ni sahihi.

Hapa kila mara mchezaji mmoja huuliza kuhusu winga wa upande wa mbali, ambaye ameachwa huru kabisa. Ni swali zuri na lijibiwe kwa uzito. Safu ya watu wanne yenye upana wa mita 24 haiwezi kufunika uwanja wote, kwa hiyo inachagua kulinda katikati, yaani njia fupi ya kwenda golini. Mpira wa kumfikia yule winga lazima usafiri angani kutoka upande mmoja hadi mwingine, na muda huo unatosha kwa safu kuhama ikiwa imezoea kuhama. Kocha anayeogopa kumwacha winga huyo atawatawanya mabeki wake, na pasi ya kupenyeza itapita kati ya namba nne na namba tano kama maji.

Baada ya vipindi vitatu ondoa kamba na urudie zoezi lile lile kwa mpira wa miguuni. Kisha wape kazi ya kweli: mabeki wanne na kipa dhidi ya washambuliaji wanane, washambuliaji wakianzia mstari wa kati, kwa dakika 10. Kocha Mwitaliano Arrigo Sacchi aliwahi kueleza jinsi alivyowathibitishia Ruud Gullit na Marco van Basten umuhimu wa mpangilio pale AC Milan kwa zoezi la aina hii, wachezaji watano wa ulinzi, kipa akiwa mmoja wao, wakiwakabili wachezaji kumi bila kufungwa. Wale walikuwa kina Baresi na Maldini, na vijana wako watafungwa, tena mara nyingi. Hesabu mabao ya wiki ya kwanza, uyalinganishe na ya wiki ya nne mbele ya timu nzima.

Lini kupanda, lini kurudi

Mtazame mchezaji wa timu pinzani mwenye mpira. Kama ameinua kichwa, mpira uko miguuni mwake na hakuna anayembana, anaweza kuupiga popote, kwa hiyo safu irudi hatua tatu au nne kabla hajaupiga. Kama amebanwa, amegeuzia mgongo goli lako, au ameurudisha mpira nyuma, hawezi kupiga pasi ndefu ya hatari kwa wakati huo, kwa hiyo safu ipande. Uamuzi ni wa namba tano peke yake, kwa neno moja: "Panda!" au "Rudi!" Wengine watatu hawajadiliani naye. Neno la tatu ni "Toka!", analoambiwa beki aliye karibu na mpira, na la nne ni "Langu!" la kipa. Maneno manne yanatosha. Timu yenye maneno kumi hupigiana kelele tu.

Niliwahi kupoteza mechi ya nusu fainali ya kata kwa hatua mbili. Wapinzani walirudisha mpira kwa kiungo wao, namba tano wangu akaita "Panda!", watatu wakapanda, lakini namba tatu alikuwa ameinama kuvuta soksi. Mpira ukapigwa juu, mshambuliaji wao akiwa nyuma ya mabeki wangu watatu kwa mita nzima, na hakuwa ameotea kwa sababu namba tatu alikuwa bado kule nyuma akimhalalisha. Mwamuzi alikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nafundisha kwamba mtego wa kuotea ni zawadi inayokuja kwa safu iliyonyooka, na wala usiwe mpango wa timu. Mechi nyingi za mtaani hazina hata waamuzi wasaidizi waliofundishwa, kwa hiyo beki asisimame na kunyoosha mkono, akimbie kwanza.

Kama mabeki wako ni wazito, safu ikae mita 5 hadi 10 mbele ya eneo la 18 mpira unapokuwa kwa wapinzani katikati ya uwanja, na viungo washuke wawe karibu nayo. Ikishuka ndani kabisa ya 18, kila mpira unaogonga mguu wa mtu ni bao.

Mchezaji anayeukabili mpira naye anahitaji somo lake, ingawa ni fupi: asijirushe. Akaribie kwa kasi, apunguze mwendo hatua tatu kabla ya kufika, asimame kiupandeupande, na amsukumie mshambuliaji kwenye mstari wa pembeni. Anachotafuta ni sekunde tatu za kuchelewesha, ili wenzake wajipange.

Mipira iliyokufa na dakika za mwisho

Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ivory Coast, Taifa Stars iliongoza 1–0 dhidi ya Zambia kwa bao la Simon Msuva, na Zambia ikabaki na wachezaji 10 kabla ya mapumziko. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Patson Daka akaruka, akasawazisha kwa kichwa. Siku tatu baadaye Stars hiyo hiyo iliibana DR Congo kwa 0–0. Ninaumia nikikumbuka kona ile, lakini huwa naitumia kila msimu kufundishia, kwa sababu dakika 87 za ulinzi mzuri zilipotea mpira ukiwa umesimama, wakati kila mtu alikuwa na nafasi ya kujipanga.

Kwenye kona, weka watatu walio bora kwa vichwa katika mstari mmoja ndani ya eneo dogo la mita 5.5, wakilinda eneo bila kumfuata mtu. Mmoja asimame kwenye nguzo ya karibu. Wanne wawazuie wapigaji vichwa wa wapinzani wasikimbie kwa uhuru, kwa kusimama kati yao na goli. Mmoja abaki ukingoni mwa 18 kwa ajili ya mpira wa pili, na mmoja mbele. Mpira ukiokolewa, wote watoke mbio hadi nje ya 18, kwani wapinzani wataurudisha mara moja, na anayebaki ndani atawahalalisha watu watatu. Wakumbushe pia kwamba hakuna kuotea moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, wa kona, wala wa goli, kwa maana vijana wengi hupanda kwenye mpira wa kurusha na kumwacha mtu peke yake nyuma.

Mechi zikianza, nunua daftari na umpe mchezaji wa akiba alichore kwa safu tano: kati ya namba nne na tano, upande wa kulia, upande wa kushoto, mpira mrefu nyuma ya mabeki, na mpira uliokufa. Kila wapinzani wanapopata nafasi ya kufunga, iwe imezaa bao au la, aweke alama mahali ilipoanzia. Ranieri aliwaahidi wachezaji wake pizza siku watakayomaliza mechi bila kuruhusu bao, nami huwanunulia wangu chipsi, wote, pamoja na washambuliaji waliorudi kusaidia. Lakini hata baada ya siku ya chipsi, Jumatatu fungua daftari pamoja na mabeki wanne, kipa na namba sita, na safu yenye alama nyingi kuliko nyingine ndiyo iwe mazoezi ya Jumanne.