Kabla hujasema barazani "tuwe kama Mauritius": namna ya kuisoma nchi ile ukiwa mtu wa Lamu

Kila bandari ya Lamu ikitajwa, au kikao cha kaunti cha kuchukua maoni kikikaribia, lazima atokee mtu barazani au kwenye grupu la wasap aseme jamani Mauritius ni kisiwa kama sisi, walikuwa na miwa tu na watu wa kila asili na leo wana maisha mazuri, kwani sisi tumekosa nini? Hoja si mbaya hata kidogo, na mimi nafurahi watu wetu wakiangalia visiwa vya bahari hii hii badala ya kutajiwa Dubai na Singapore kila siku. Ila ukiibeba nusu, mwanasiasa atakupiga swali moja tu unyamaze. Kwa hivyo nawaandikia vijana wa huku, Amu, Pate, Faza, Mokowe, Hindi mpaka Mpeketoni, namna ya kuisoma nchi ile kwanza kabla ya kuitolea mfano.

Anza na ardhi, usianze na pesa. Mauritius haikuwa na wenyeji. Waholanzi walikaa 1638 mpaka 1710 wakaondoka, Wafaransa wakaingia 1715, Waingereza wakakiteka kisiwa 1810. Yaani hakuna pale mtu ambaye mababu zake walikuwepo kabla ya wakoloni, wote walikuja au waliletwa. Kwetu ni kinyume kabisa, Waboni, Wabajuni, Waamu na Waorma walikuwepo, halafu miaka ya 70 skimu ya makazi ya serikali ya Ziwa Kenyatta, kule Mpeketoni, ikaleta wengine kutoka bara wakapewa mashamba, na huku nyuma kuna wenyeji mpaka saa hii wanaitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao. Tofauti hii usiiache hata kidogo, manake kule ugomvi ni nani alifaidi, huku bado tunagombania nani alikuwepo kwanza na nani ana hati.

Ukishamaliza hapo uliza kila kundi lilifika vipi na lilipata ardhi lini. Chukua karatasi uchore mistari, kundi, lilivyokuja, lilivyopata ardhi, kazi linayofanya. Watumwa waliletwa kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani hii yetu, 1776 Mfaransa mmoja jina lake Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa auziwe watu elfu moja kila mwaka, kwa hivyo usiisimulie habari hii kana kwamba ni ya watu wa mbali. Tarehe 1 Februari 1835 utumwa ukafutwa, na fidia wakalipwa wenye watumwa, waliotumikishwa hawakupata kitu. Kuanzia 1834 wakawa wanaletwa Wahindi wa mkataba, yaani vibarua waliofungwa kufanya kazi mashambani kwa miaka fulani, karibu nusu milioni mpaka mwanzo wa karne ya 20, wakishukia Port Louis pale panapoitwa Aapravasi Ghat. Hawa nao waliteseka, tusidanganyane. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 wenye mashamba makubwa walipoanza kukata vipande na kuuza, baadhi ya Wahindi walinunua, na kipande kile ndo kilisomesha watoto, watoto wakawa walimu na makarani, baadaye mawaziri. Familia za asili ya Ufaransa zikabaki na mashamba makubwa na viwanda vya sukari. Wakrioli, wajukuu wa watumwa, wengi wao walibaki bila ardhi, wakawa wavuvi na vibarua wa bandarini. Ukimaliza karatasi hiyo chora nyingine ya Lamu, kundi kwa kundi, bila kumwonea mtu na bila kumficha mtu. Kazi hii ni ngumu na ndo yenye faida kuliko zote nitakazotaja hapa.

Sasa njoo kwenye uchumi. Mwaka 1961 mchumi Mwingereza James Meade, aliyekuja kupata Nobel 1977, aliitazama Mauritius akaona giza, watu wanaongezeka, ardhi ndogo, zao ni moja, jamii zimegawanyika. Na kweli Januari 1968, wiki chache kabla ya uhuru wa tarehe 12 Machi, Wakrioli na Waislamu walipigana Port Louis wakauana mpaka wanajeshi wa Uingereza wakaletwa. Kwa hivyo mtu akikwambia wale walikuwa na amani tangu zamani ndo maana wakaendelea, mwambie si kweli, walianza na damu barabarani.

Kilichowatoa ni mambo kadhaa pamoja. 1970 walifungua eneo la viwanda vya kuuza nje, nguo hasa, na wanawake wengi ndo mara yao ya kwanza kupata mshahara. 1975 wakaingia mkataba wa Lomé, wa biashara kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, Ulaya ikawa inanunua sukari yao, kama tani nusu milioni kila mwaka, kwa bei iliyopangwa ambayo miaka mingi ilikuwa juu ya bei ya soko la dunia, na mpango ule ulidumu mpaka 2009. Hapo kuna bidii, kuna ujanja wa kujadiliana, na kuna bahati pia, uyataje yote matatu. Utalii na mabenki yakafuata.

Na sehemu hii naomba sana isirukwe, pesa ile ilikwenda wapi? Sekondari ikawa bure 1977, matibabu bure kwenye hospitali za serikali, na kila mzee anapata pensheni hata kama hakuwahi kuajiriwa. Mtu wa kabila lolote alikuwa na kitu cha kupoteza nchi ikiwaka moto. Mimi naamini hii imeleta utulivu kuliko hotuba zote za umoja.

Siasa yao isome kwa makini usije ukaisifu kupita kiasi. Bunge lina viti 62 vya kuchaguliwa na mpaka 8 vya kuongezea kwa walioshindwa, ili jamii iliyopungukiwa ipate mtu, na mgombea lazima ajitaje ni Mhindu, Muislamu, Mchina au wa jumla, yaani wengine wote, Wakrioli na wenye asili ya Ufaransa wamo humo. Hesabu inayotumika mpaka leo ni ya sensa ya 1972, tangu hapo sensa haijauliza tena mtu ni wa jamii gani. 2012 kamati ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema kumlazimisha mgombea ajitaje hivyo kunavunja haki zake. Na waziri mkuu asiye Mhindu amekuwa mmoja tu, Paul Bérenger, 2003 mpaka 2005.

Usiache 1999. Februari mwaka ule mwanamuziki Mkrioli, Kaya, alikutwa amekufa kwenye seli ya polisi na kisiwa kikalipuka kwa ghasia siku kadhaa. Nchi ilikuwa inasifiwa dunia nzima wakati ule, lakini wajukuu wa watumwa walikuwa wanauona utajiri ukipita mbele yao. Tume ya ukweli na haki iliyoundwa 2009 ilitoa ripoti 2011 ikazungumzia mpaka ardhi walizonyang'anywa. Ukiwa na hili hakuna atakayekuziba mdomo kwa kusema maendeleo yakija yatamfikia kila mtu yenyewe.

Ukija kikaoni sasa, acha kuomba "tuwe kama wao", uliza vitu vinavyohesabika. Ardhi ya kando ya barabara ya bandari imeandikwa kwa nani? Ajira ngapi zimekwenda kwa watu wa wadi hii, na za daraja gani? Wavuvi kama 4,600 ambao Mahakama Kuu 2018 iliamua walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa uvuvi wao kuharibiwa na ujenzi wa bandari, wangapi wamepata na wamepata nini mkononi? Uliza kwa wadi, usiulize kwa kabila, manake ukitaja kabila tu kikao kinageuka matusi na swali lako linakufa, na Mgiriama au Mkikuyu asiye na ajira ni mwenzako kwenye swali hilo.

Wasipokujibu andika barua. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba taarifa za ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 21. Andika kwa Kiswahili ukitaka, swali moja moja, tarehe juu, jina la kikundi chenu chini, upeleke nakala mbili na moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.