Kuchora uchochoro wa Mji wa Kale kabla jua halijapanda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe umeshakaa kwenye kigoda chako. Ukiwa Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale wa Mombasa, jua linatokea upande wa bandari ya kale, kwa hiyo nyumba za upande wa pili ndizo zinazopata mwanga kwanza, tena juu kabisa, kwenye roshani. Kutoka hapo mwanga unateremka ukutani polepole, na kufika saa tatu picha uliyoianza imeshaondoka. Saa sita usijisumbue. Sisi tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Machi na Oktoba jua linakusimama utosini na vivuli vyote vinaingia chini ya nyayo.

Ndiyo maana siku ya kwanza nakuomba uache rangi nyumbani. Beba penseli na daftari, uchore mpaka wa kivuli peke yake: unapokata roshani, unapopinda kwenye mlango, unapovuka ndia. Andika saa pembeni. Kesho rudi saa ile ile. Mimi uchochoro mmoja huuendea asubuhi nne au tano, dakika arubaini kila mara, kisha naondoka hata kama mkono bado unataka.

Turubai ya dukani ni ghali. Nunua kitambaa cha amerikani, kiwambe kwenye fremu ya seremala, ukipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani mara mbili, na ukisugue kwa msasa laini. Natumia akriliki. Kaskazi ikivuma rangi hukauka kwenye sahani kabla hujaigusa, basi tandika kitambaa kibichi sahanini, chini ya rangi.

Sasa kuta. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya mji yapakwe nyeupe na bluu, na vijana wengi wanaokuja kujifunza kwangu hudhani kazi imerahisika. Imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu ukuta mweupe unabeba rangi ya kila kilicho karibu nao. Kivuli chake juu, kinachotazama mbingu, ni cha samawati. Changanya bluu iliyokoza na kahawia nyekundu kidogo sana, halafu nyeupe. Chini, karibu na baraza, kivuli hicho hicho kina joto, kwa kuwa ukuta wa mbele yake umeshika jua na unakirushia mwanga. Hapo tia manjano. Leso nyekundu ikianikwa dirishani, ukuta ulio nyuma yake unageuka mwekundu. Nyeupe tupu ya chupa iweke akiba, uitie mahali pamoja tu, pale jua linapopiga moja kwa moja.

Kabla ya kuchora watu, toa salamu, na mtu wa barazani muulize. Akikataa, chora baraza bila yeye.

Nyaya za umeme zichore. Miaka ya nyuma mteja aliniomba nizitoe ili picha iwe safi, nami nikazitoa. Mama wa nyumba ile alipopita akaitazama sana, akaniuliza, “Nyumba ya nani hii, mwanangu?” Nikamwambia ni yao. Akatikisa kichwa: “Yetu ina stima.” Nilikuwa nimemfutia nyumba yake, na hadi leo inaniuma.

Basi nyaya zije mwisho kabisa, rangi yote ikiwa imekauka. Usitumie nyeusi. Kijivu kilichozimuliwa kwa maji kinatosha, kizito kidogo mbele ya ukuta, chepesi mbele ya mbingu. Chukua brashi nyembamba yenye nywele ndefu, anzia kwenye nguzo, uvute kwa bega zima kwa pumzi moja. Mkono ukitetemeka usirudie mstari. Nyaya zenyewe zimelegea.