Masharti ya nyumba yatangulie pesa

Nina fleti ya vyumba viwili Bamburi, Mombasa, naikodisha kwa siku. Zamani masharti nilikuwa nimeyabandika nyuma ya mlango, mgeni ayasome akishalipa na kuingia. Pasaka moja wageni wakasema ni wanne. Saa tano usiku askari wa geti akanipigia: wameingia kumi na saba, na spika mbili. Jirani wa chini ni mzee, huamka kuswali alfajiri. Nilipogonga kwake asubuhi kumwomba radhi, alinitazama tu, macho mekundu.

Tangu hapo sipokei hata shilingi kabla ya mgeni kujibu maswali matatu: mko wangapi, watoto wakiwemo? Mnakuja kwa shughuli gani? Mtafika saa ngapi? Waulize wote sawasawa. Kabila, dini au nchi ya mtu isiwe kipimo chako. Sikiliza majibu. "Tuko wanne na mtoto wa miaka miwili, mama, tunakuja harusi Kisauni, tutafika na treni usiku." Huyo sina wasiwasi naye. Anayesema "mimi na marafiki kidogo" muulize tena, ni wangapi hasa? Akikwepa mara ya pili, mwambie kwa adabu kwamba nyumba haitamfaa.

Kisha tuma masharti, naye ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Yawe machache. Yangu yalikuwa ishirini na tatu, hakuna aliyeyasoma. Yamebaki matano: watu wasizidi watano, hakuna sherehe, muziki usisikike nje baada ya saa nne usiku, sigara ni kwenye roshani, kila anayelala aandikishwe getini. Lenye sababu, itaje: "Jirani wa chini ni mzee" huheshimiwa kuliko "kelele marufuku".

Kwenye Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa siku, yaandike sehemu ya masharti ya nyumba. Sherehe zenye fujo wenyewe wamezipiga marufuku, na tangu Aprili 2024 hawaruhusu kamera ndani ya nyumba, kwa hiyo usitegemee kuchungulia.

Kitambulisho kitazame wakifika, ulinganishe jina. Usijaze picha za vitambulisho vya watu kwenye simu yako. Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

Na ukiweza, wapokee mwenyewe. Hesabu vichwa. Wakizidi, sema pale pale, mizigo ikiwa bado kwenye gari.