Namna ya Kupiga Picha za Njia Ndefu ya Miguu Ili Kazi Yako Itambuliwe

Mpiga picha wa mandhari anayerekodi njia ndefu, kama Appalachian Trail ya Marekani yenye takriban kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, hukumbukwa zaidi kwa namna picha zake zilivyoifaa njia hiyo kuliko kwa uzuri wa picha zenyewe. George Masa, mzaliwa wa Japani aliyehamia Asheville, North Carolina, mwaka 1915, alipanda milima ya Great Smoky, ambayo njia hiyo hupitia, na kamera nzito, huku akisukuma gurudumu la baiskeli lenye kifaa cha kupimia umbali wa vijia. Picha zake zilitumika kudai hifadhi ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1934. Yeye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, na kilele cha Masa Knob kilipewa jina lake mwaka 1961 tu.

Anza, basi, na daftari. Kila unapopiga picha, andika tarehe, mahali, upande unaoelekea kamera na umbali kutoka alama inayojulikana. Maelezo yanayosema "machweo milimani" hayamsaidii mtu, lakini yakisema, kuhusu mwamba mmoja wa milima hiyo ya Great Smoky, "Charlies Bunion, kilomita 6.4 kutoka Newfound Gap, kamera ikitazama Mount Le Conte upande wa magharibi", mchora ramani, mtafiti na msafiri wote watayatumia, na watakutaja.

Usipige vilele pekee. Njia hii hutunzwa na vilabu vya watu wa kujitolea, nao huhitaji picha za daraja lililovunjika, kibao kilichofutika na udongo uliomomonyoka. Rudi mahali pale pale katika majira mengine, usimame ulipokuwa umesimama na utumie lenzi ile ile. Mfululizo wa namna hiyo, kwa maoni yangu, una thamani kuliko picha moja iliyoshinda tuzo.

Unapotoa picha, toa ruhusa ya kuzitumia, si umiliki. Barua fupi yatosha, mradi itaje ni picha zipi, zitatumika wapi, kwa muda gani na jina lako litaandikwaje. Masharti ya mashindano yasome hadi mwisho, kwani mengine humpa mwandalizi haki ya kuzitumia milele bila malipo, na sharti hilo mara nyingi hufichwa chini kabisa. Jina lako liingize pia ndani ya taarifa za faili, ingawa mitandao mingi ya kijamii huzifuta, kwa hiyo liandikwe na kwenye maelezo yanayosomeka.

Mwisho ni kuzihifadhi picha zenyewe. Negativu za Masa, yaani nakala asili za kusafishia picha, ziliuzwa baada ya kifo chake na nyingi hazijulikani zilipo, wakati picha zilizobaki, zikiwamo zile za maktaba ya umma ya Asheville, ndizo zinazomtambulisha leo. Weka nakala moja nyumbani, nyingine mbali na nyumbani, na ya tatu, pamoja na daftari lako, uikabidhi kwa maktaba au ofisi ya kuhifadhi nyaraka ya eneo hilo ukiwa hai, ili maswali ya mtunzaji uyajibu mwenyewe.