Mabua ya mahindi yasichomwe baada ya msimu wa urea
Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, lakini hauna hata chembe ya mboji. Kwa hiyo, katika mashamba yetu ya kichanga hapa Tabora, mbolea hiyo husaidia kuhifadhi kaboni, ambayo ndiyo sehemu kuu ya mboji, udongoni iwapo tu mabua na mizizi iliyoikuza itaachwa ioze shambani. Kuyachoma mabua wakati wa kiangazi, kwa maoni yangu, ni kuteketeza mali tuliyoinunua kwa jasho. Aidha, urea, na hasa mbolea ya SA (salfeti ya amonia), huongeza tindikali ya udongo mwaka hadi mwaka, na maharage huumia mapema kuliko muhogo. Pima udongo, na ikibidi changanya chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda.