Jinsi ya kuandika hadithi ya sayansi kuhusu adhabu, kwa njia ya Larry Niven

Wengi wakitaka kuandika hadithi za kesho wanaanzia kwenye mashine, mara roboti, mara gereza la angani, ukurasa wa tatu wamekwama. Wewe anza na mpiga kura.

Hii nimeitoa kwa Larry Niven, Mmarekani, kwenye hadithi yake fupi ya 1967, "The Jigsaw Man". Mwaka huohuo, Desemba 3, daktari Christiaan Barnard kule Cape Town alimpandikizia mgonjwa moyo wa binti aliyegongwa na gari, mgonjwa akaishi siku 18 tu. Niven yeye alishavuka hapo, anauliza hivi siku upandikizaji ukikubali kabisa, viungo vitatoka kwa nani?

Kwa waliohukumiwa kifo. Figo huku, ini kule. Sawa, muuaji, nani atamlilia? Shida ni kwamba wauaji wachache, wanaotaka figo wengi, na wenye kutaka figo ndio wanaopiga kura. Hakuna dikteta humo ndani, ni watu wa kawaida tu wanaotaka kuishi, kidogo kidogo wanaongeza makosa ya kuhukumiwa kifo. (Wala sio ndoto tupu, China ilikuwa ikitumia viungo vya wafungwa waliouawa kwa hukumu, ikatangaza itaacha kuanzia Januari 1, 2015.)

Kwa hiyo chagua teknolojia moja, tena nzuri, ambayo hata wewe mwenyewe ungeitamani. Halafu jiulize nani anafaidika na nani analipa. Wanaofaidika wakiwa wengi na anayelipa ni mtu asiyependwa, tayari hadithi unayo. Mimi mara ya kwanza nilimweka waziri katili, ikawa hotuba ya kampeni, nikafuta yote.

Kosa la mhusika lifiche. Niven anatuonyesha Lew yuko selo anasubiri kesi, tunajua atakufa tu, hatujui kafanya nini, tunajijazia wenyewe kwamba kaua. Anatoroka, anajikuta hospitali penye matangi ya viungo, anaona kama kufa ni kufa bora afe kwa jambo la maana, anayaponda. Anakamatwa. Mahakamani hayo ya matangi hata hayamo kwenye mashtaka, anasomewa yake ya mwanzo: ndani ya miaka miwili kapita taa nyekundu mara sita, kazidisha spidi mara kumi. Basi. (Samahani nimekumalizia utamu, ila ni ya 1967 jamani.) Angetuambia ukurasa wa kwanza tungecheka, pale mwisho unaanza kuhesabu taa zako.

Zoezi: chukua tochi ya trafiki, ile ya kupimia spidi. Trafiki kajificha kichakani, kila mtu anamlaani. Sasa weka sheria kwamba kila gari ikipigwa tochi, faini inageuka uniti za luku, yaani umeme, kwa mtaa mzima. Usiongeze kingine, waache watu waishi nayo wiki mbili uone wanafanya nini.

Yangu imefika mahali mama muuza vitumbua kampelekea trafiki kiti na chai, anamnong'oneza kuna Noah nyeupe inapitaga hapa saa kumi na mbili asubuhi, inakimbiaga balaa. Anayeiendesha ni mwanawe, na hilo msomaji bado sijamwambia.