Grisi ya baiskeli: angalia maji kabla ya joto

Dukani utaoneshwa grisi nyekundu, ya buluu na ya njano, na muuzaji atakuapia kwamba nyekundu ndiyo kali. Rangi haisemi kitu. Kila kiwanda hutia yake. Mwongozo huu ni wa baiskeli za chuma za huku pwani, zile za gololi zisizofunikwa kwa mpira, zinazobeba magunia na ndoo za samaki. Adui zake ni maji, chumvi na mchanga.

Hatua ya 1: Soma kopo. Tafuta maandishi NLGI 2. Hicho ni kipimo cha ugumu, chenye ngazi tisa kuanzia 000 hadi 6, na ngazi ya 2 ni laini kama siagi ya karanga. Kopo likiandikwa EP2 au MP3, tarakimu ya mwisho kwa kawaida ndiyo ngazi hiyo. Ya 3 inafaa pia, ila ni ngumu kidogo kuipaka.

Hatua ya 2: Jua sabuni yake. Grisi ni oili iliyoshikiliwa na sabuni, na tabia yake hutokana sana na sabuni hiyo. Ya lithiamu ndiyo imejaa madukani na inatosha kwa kazi nyingi. Ya kalsiamu hustahimili maji vizuri zaidi. Ya sodiamu iache, maji huiyeyusha.

Watu huikwepa grisi ya kalsiamu ya kawaida kwa kuwa haivumilii joto kali. Kwenye gari wana haki. Lakini gurudumu la baiskeli kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa huzunguka kama mara 160 tu kwa dakika. Shika habu (kitovu cha gurudumu) baada ya safari: haina joto la maana. Kwa nini basi ulipie grisi ya kuvumilia nyuzi 260? Mahali pa kuangalia joto ni habu yenye breki ya kukanyaga kinyumenyume, hasa kwenye miteremko mirefu. Hiyo itafutie grisi ya joto.

Hatua ya 3: Ijaribu kwa maji. Weka grisi kiasi cha harage kiganjani, dondoshea maji, sugua kwa dakika nzima. Ikilainika haraka na kusombwa, irudishe. Ikibaki imeng'ang'ania ngozi, nunua.

Hatua ya 4: Safisha kwanza. Usipake grisi mpya juu ya ya zamani. Baadhi ya sabuni hazipatani, na mchanganyiko wake huweza kuwa uji ukachuruzika wote. Osha vikombe na koni (sehemu ambazo gololi hubingirikia kati yake) pamoja na gololi kwa mafuta ya taa, ufute, uache vikauke kabisa, maana mafuta yaliyobaki huizimua grisi mpya. Gololi yenye vishimo itupe. Habu nyingi za nyuma huchukua gololi 9 za robo inchi kila upande, na za mbele 10 za 3/16.

Grisi iliyotolewa kwenye magurudumu ya lori usiikubali hata ukipewa bure. Ina unga wa chuma.

Hatua ya 5: Jaza. Gololi zizame ndani ya grisi. Kwa mwendo huu mdogo, kuzidisha hakuchemshi kitu, itakayotoka utaifuta. Paka pia shingo ya baiskeli, nguzo ya kiti na nyuzi za pedeli (ya kushoto hufunguka kinyume, kumbuka). Nguzo ya kaboni usiipake, huteleza.

Hatua ya 6: Pasipotakiwa grisi. Cheni ni ya oili. Grisi nzito hubaki nje, haifiki kwenye pini zinazosagana, kisha hukamata mchanga na cheni nzima ikawa msasa. Friwili (gia ya nyuma inayozunguka bure usipokanyaga) nayo itie oili nyepesi. Grisi nzito hugandisha vile vijino vya ndani, ukakanyaga pedeli bila gurudumu kusukumwa. Rimu na diski za breki zisiguswe kabisa.

Baiskeli ikizama majini, hasa ya bahari, fungua habu wiki hiyohiyo. Kwa siku za kawaida, inua gurudumu, lizungushe taratibu huku mkono mwingine umeshika uma. Ukihisi chembechembe zinakwaruza, rudi hatua ya 4.